Bado

Kiharusi kilimwachia baba maneno matatu:
bado, acha, hapo.
Kwa hayo matatu tukatengeneza upinde.

Mkole niliukata bondeni, upande wa Rongai,
maana huku Mariashoni baridi inauonea.
Kijana wa boda aliufunga ubavuni mwa pikipiki,
akauliza kama ni mpini wa jembe.
Nikamwambia ndiyo.
Mambo mengine hayaelezeki njiani.

Fimbo yenyewe ilikuwa nene kama kiwiko changu,
ndefu kutoka unyayo hadi kidevu,
na fundo moja tu, kama kovu la chanjo,
hatua ya vidole vinne kutoka katikati.
Nilitaka kuikunja siku ileile.
Samaki mkunje angali mbichi, nilisema,
nikajiona mjuzi.
Baba akainua mkono wake ulio hai.
Bado.
Upinde si samaki.

Nikapaka ncha zake samadi zisipasuke,
nikaulaza darini juu ya meko,
ukavuta moshi miezi minne pamoja na mahindi ya mbegu.
Katika miezi hiyo binamu yangu Kiplelgo aliuza ekari mbili,
mvua ya mawe ikalaza viazi,
na daktari wa Njoro akabadilisha vidonge mara mbili.
Mti ukakauka bila kuuliza habari za yeyote.

Kisha shoka. Kisha panga. Kisha kisu.
Kisha kigae cha chupa ya soda,
ambacho hukwangua kwa adabu kuliko randa,
unywele baada ya unywele,
hadi sketi yangu ikajaa vumbi la rangi ya uji.
Huchongwa tumbo; mgongo wa upinde hauguswi.
Hilo nililijua tangu utotoni, nilipokuwa mshika taa
niliyekatazwa kisu kwa kuwa ni msichana.
Sasa kaka zangu wako Naivasha, kwenye maua,
na kisu kiko kwangu.

Baba huketi mlangoni, blanketi magotini.
Ninamsogezea upinde, anaupapasa kwa kidole gumba
kama mama atafutaye homa shingoni mwa mtoto.
Hapo.
Nakwangua.
Hapo.
Nakwangua.
Acha!
Na kweli, ningepitisha kigae mara moja tena
ningekuwa nimechonga kuni.

Mkono wa kushoto wa upinde ulikubali kupinda mapema.
Wa kulia ukakaa mgumu, wiki nzima, kama ng'ombe mtoni.
Baba akautazama, akautazama mkono wake wa kulia
uliolala pajani bila kazi,
akacheka kwa nusu ya mdomo.
Nilicheka pia, kisha nikatoka nje kidogo
kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Ukano alinipa mchinjaji wa Elburgon, bure,
akidhani ni dawa.
Niliulowesha, nikauchambua kwa meno,
nikausokota pajani hadi ngozi ikachubuka:
upote mmoja, mwembamba, mkaidi.

Leo nimeutia.
Mshale sina. Msituni kuna askari na kibao,
na perere analia usiku mrefu
kama mwenye nyumba aliyerudi na kukuta wapangaji.
Nikaweka goti chini mbele ya baba, nikavuta,
mbao ikanong'ona,
upote ukafika shavuni.
Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu
ambazo sikujua bado anazo.
Hakuwa na neno la kuniambia, wala sikulihitaji:
upinde ukiachiliwa bila mshale
hujipiga wenyewe.

Basi nikaurudisha upote polepole,
pumzi kwa pumzi, mabega yakitetemeka.
Kurudisha ni kuzito kuliko kuvuta.

Baba akautazama upinde, akanitazama mimi,
akatazama kule miti ilikoanzia zamani.

Bado, akasema.

Nikaokota kigae.